Mche umeshajibu: tuliyojifunza kitaluni Tanga

Chukua sinia mbili za nyanya, mbegu za pakiti moja, udongo wa fungu moja, zipandwe siku moja. Moja iweke chini ya kichanja cha makuti, nyingine chini ya mwembe. Kwa macho ya mtu kivuli ni kilekile. Baada ya wiki mbili miche ya kwenye makuti itakuwa mifupi, shina limeshiba, jani la kweli la kwanza limefunguka. Ile ya chini ya mwembe itakuwa imerefuka kama uzi, imepauka, na ukiimwagilia inalala chini. Hapa Tanga, ambako kila uwanja una mwembe au mfenesi, hili ndilo kosa la kwanza la karibu kila anayeanza kitalu. Nasi tulilifanya, tukailaumu mbegu.

Mbegu haikuwa na kosa. Jani bichi hunyonya mwanga mwekundu na wa buluu, ambao ndio linalopikia chakula chake, na huuacha upite ule mwekundu wa mbali, ulio ukingoni mwa uwezo wa jicho letu. Juani, mwekundu na mwekundu wa mbali hukaribia kulingana. Chini ya majani mengi mwekundu hupungua sana na wa mbali hubaki mwingi. Ndani ya seli za mche mna protini iitwayo fitokromu, na kazi yake mojawapo ni kupima uwiano huo. Mwekundu wa mbali ukizidi, maana yake ni moja tu: juu yangu kuna jani la mwingine. Hapo mche hurefusha shina, huacha kutoa matawi, na chakula kingi hukipeleka juu badala ya kwenye mizizi. Porini hiyo ndiyo njia ya kulifikia jua. Kitaluni inakupa mche usioweza kusimama.

Makuti makavu hayana ubichi wa kuchagua mwanga. Yanapunguza wote kwa pamoja, kwa hiyo mche hupata kivuli bila kupata habari ya jirani. Kichanja chetu kina urefu wa mita mbili ili hewa ipite, na makuti tunayapanga kwa nafasi mpaka ardhini madoa ya jua na ya kivuli yawe nusu kwa nusu saa sita mchana. Ukiyabananisha sana, mche utarefuka vilevile, safari hii kwa njaa ya mwanga.

Jambo lililotuchukua muda mrefu kulielewa ni kwamba mche hausubiri kutiwa kivuli. Mwekundu wa mbali unaotoka kwenye majani ya jirani humfikia kwa ubavuni, na shina huanza kurefuka siku kadhaa kabla jani la jirani halijamgusa. Ndiyo sababu miche ya kwenye viriba, yaani mifuko ya kuoteshea miche, vilivyobanana huanza kushindana wakati kwa macho bado vina nafasi. Ukisubiri mpaka majani yaingiliane ndipo utenganishe, umechelewa. Sisi viriba vya inchi 4 kwa 6 tunavipa nafasi ya kiganja mara mche unapofikisha majani manne. Kwenye tuta la nyanya, mistari iachane sentimita 15 na mche na mche sentimita 5. Iliyozidi ing'olewe mapema, ingawa roho inauma.

Nyanya iliyokwisha kurefuka inaokoka. Ifukie shina mpaka karibu na majani ya kwanza ya kweli, maana shina la nyanya hutoa mizizi likiguswa na udongo wenye unyevu. Usijaribu hivyo kwa mpapai. Shina lake likifukiwa huoza shingoni.

Kisha kuna habari ya upande. Miche ya ukingoni mwa kichanja huinamia nje, na mtu hufikiri ni upepo. Mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin na mwanawe Francis waliandika mwaka 1880 kwamba chipukizi la nyasi likivikwa kifuniko kidogo kwenye ncha haliinamii tena kwenye mwanga, ingawa sehemu inayopinda iko chini ya ncha. Ncha ndiyo inayoona, shina linapinda baada ya kupelekewa habari. Baadaye ikajulikana kwamba mjumbe ni homoni iitwayo oksini, ambayo hujikusanya upande wenye kivuli na kuzirefusha seli za huko zaidi ya za upande wa jua. Kitaluni inatosha kuzungusha sinia nusu duara kila baada ya siku mbili.

Upepo una kazi yake, na ni kazi nzuri. Watu wakisikia kwamba mmea unahisi kuguswa hukumbuka kifauwongo, kile kimea cha miiba cha kandokando ya njia ambacho ukikigusa majani yanajifunga papo hapo. Kifauwongo kinafanya hivyo kwa kuyahamisha maji haraka kutoka upande mmoja wa kifundo cha jani. Nyanya, mbilimbi na mikorosho nazo zinahisi kuguswa, ila jibu lao ni la siku nyingi: shina hufupika na kunenepa. Mche uliolelewa pasipo upepo wowote ukitolewa shambani wakati wa kusi, mwezi wa Juni au Julai, huvunjika siku ya kwanza. Kwa hiyo hatuzibi kichanja kwa turubai pande zote. Mahali pasipo upepo, pitisha fimbo laini au kitambaa juu ya vichwa vya miche ya nyanya mara kumi hadi ishirini kila asubuhi, polepole, majani yakiwa makavu. Majani mabichi kwa umande yakisuguliwa husambaza ugonjwa. Pilipili hoho tusiisugue, majani yake huchubuka. Na mvuta sigara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika miche ya nyanya, kwani virusi vya batobato ya tumbaku hukaa kwenye tumbaku ya sigara. Mti uliopandwa usiufunge kwenye kiegemeo ukabana kabisa. Kamba iwe na ulegevu, shina lichezecheze; lisipocheza halinenepi.

Mizizi nayo ina hisia zake, na makosa yake huonekana baada ya miaka. Kwenye ncha ya mzizi kuna kofia ndogo, na ndani ya seli zake mna chembe nzito za wanga ambazo hutuama upande wa chini. Mzizi ukilazwa, chembe zinaangukia ubavu mwingine na ncha inaanza kugeuka kuelekea chini ndani ya saa chache. Sasa fikiria kuhamisha miche kutoka kwenye tuta kwenda kwenye kiriba. Kijana anatoboa tundu fupi, anasukuma mche, mzizi unajikunja na ncha inatazama juu. Ncha itajirekebisha na kushuka, lakini ule mkunjo wa juu unabaki palepale, unanenepa, na mti wa miaka mitatu au minne unakabwa na mzizi wake wenyewe au unang'olewa na upepo. Dawa yake ni ya sekunde mbili: tundu liwe refu kuliko mzizi, mche uzamishwe kupita kiasi, halafu uvutwe juu taratibu mpaka shingo ilingane na udongo. Huko kuvuta ndiko kunakonyoosha mzizi. Mzizi uliozidi urefu wa tundu ukatwe kwa wembe, usikunjwe.

Kokwa ya embe ifungue ganda, kisha ipande mgongo wenye kibiongo ukiangalia juu. Ukiigeuza, shina na mzizi vitatafutana njia kuizunguka mbegu na mche utatoka umepinda shingo.

Maji ndiyo yanayoua miche mingi zaidi, na si kwa uchache. Kuna dalili moja ya nyanya ambayo tungependa kila mwenye kitalu aijue kwa mikono yake. Asubuhi unakuta majani yameinama, vikonyo vimeelekea chini, mche unaonekana mnyonge. Mkono unakimbilia keni ya maji. Ngoja kwanza, shika jani. Jani la mche wenye kiu limelegea kama kitambaa. Jani la mche huu limekaza, limejaa maji, ila kikonyo chake kimepinda kuelekea chini kama mkono ulioshushwa kwa makusudi. Huo si unyaukaji. Udongo umejaa maji, mizizi haina hewa, na mizizi iliyokosa hewa hutengeneza malighafi ambayo hupanda kwenye shina mpaka kwenye majani. Huko juu, ambako hewa ipo, malighafi hiyo hugeuka kuwa gesi ya ethilini. Ethilini huufanya upande wa juu wa kikonyo ukue haraka kuliko wa chini, na jani linashuka. Yote haya hutokea ndani ya siku moja tangu udongo ufurike. Mwenye kitalu anaona jani limeinama, anaongeza maji, na baada ya siku chache mizizi inaoza kweli.

Ukishalitambua, acha kumwagilia. Toboa kiriba matundu zaidi chini na ubavuni, kiinue juu ya mawe au mbao maji yatoke, na tazama mchanganyiko wako. Udongo mfinyanzi mtupu wa bondeni unaganda kama tofali ndani ya kiriba. Sisi tunachanganya ndoo tatu za udongo wa juu, mbili za samadi iliyoiva vizuri, na moja ya mchanga wa mtoni. Mchanga wa pwani tusiutumie, una chumvi. Pima hivi: fumbata mchanganyiko wenye unyevu, fungua mkono, ukibaki donge na ukalisukuma kwa kidole likavunjika, ni sawa.

Kuna kunyauka kwingine kwa nyanya kunakofanana na kiu, na huku majani yanalegea kweli, mchana yanaanguka, jioni yanainuka kidogo, baada ya siku mbili tatu hayainuki tena, nayo bado ni mabichi. Kata shina karibu na ardhi, kipande cha sentimita kumi, kitundike ndani ya glasi ya maji safi kikiwa wima, usikitikise. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye kidonda ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko bakteria. Hakuna maji wala dawa ya kupulizia itakayousaidia. Ng'oa, choma, na mahali hapo usipande nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa.

Mahindi yanayosokota majani saa sita mchana yanajikinga tu: seli maalumu za upande wa juu wa jani hupoteza maji na jani linajikunja ili lipunguze eneo la kupigwa na jua. Yakifunguka jioni, yaache. Yakiwa bado yamejikunja alfajiri, hapo ardhi imekauka kweli. Muhogo una tahadhari zaidi: hufunga stomata zake, vile vitundu vya jani vinavyopitisha hewa, hewa tu inapokuwa kavu, hata kabla ardhi haijaisha maji, na ukame ukizidi hudondosha majani ya chini. Mkonge, ambao wote tunauona njiani kuelekea Muheza na Korogwe, hufungua stomata usiku na kuzifunga mchana.

Muheza ni machungwa, na kwenye machungwa kila siku tunazungumza na mti kwa lugha ya homoni bila kuitaja. Jicho la mchungwa, yaani tumba la kutolea tawi, hubebeshwa kwenye shina la mlimao na kufungwa kwa nailoni, kimo cha sentimita 15 hadi 30 kutoka ardhini, shina likiwa na unene wa penseli. Baada ya wiki tatu unafungua nailoni. Jicho ni bichi, limeshika, ila limelala. Linaweza kulala hivyo miezi. Sababu ni kwamba ncha ya mlimao iko hai huko juu, inashusha oksini, na sukari nyingi inakwenda kwake. Macho yote ya chini yanakaa kimya. Watu huukata mlimao papo hapo juu ya jicho. Jicho huamka, lakini mizizi imepokonywa majani yote kwa siku moja, na mara nyingi chipukizi linatoka hafifu. Sisi tunaukata nusu, kama sentimita kumi juu ya jicho, upande uleule lilipo jicho, kisha tunaulaza mlimao chini. Ncha inapoteza utawala wake, majani yanaendelea kulisha mizizi, jicho linachipua. Chipukizi likifika sentimita 30 ndipo tunaukata mlimao wote kwa mshazari.

Maua nayo yana masharti yake. Kwenye nchi zenye baridi mchungwa huchanua baada ya majira ya baridi. Pwani yetu baridi hiyo haipo, kwa hiyo mti husoma ukame: ukae na kiu mwezi mmoja na zaidi, kisha mvua inyeshe, nao unachanua kwa pamoja. Anayemwagilia kidogokidogo kiangazi chote hupata maua ya rejareja, matunda ya rika tofauti, na mnunuzi wa lori hatasimama kwa viroba vitatu. Rangi vilevile. Ganda la chungwa hupoteza ubichi wake kunapokuwa na usiku wa baridi, na usiku wa Muheza una joto. Ndiyo maana chungwa letu linaiva tamu likiwa bado la kijani. Linauma sana kusikia mtu wa mjini akilikataa kwa sababu ya rangi.

Kwa vitunguu, soma pakiti kabla ya kulipa. Kitunguu huvimba kinaposoma kwamba mchana umefikia urefu fulani. Hapa tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima, na tofauti kati ya mrefu kabisa na mfupi kabisa ni kama nusu saa. Aina za Ulaya zinazosubiri saa 14 au zaidi zitakupa majani mazuri mpaka zife, chini hakuna kitu. Red Creole na Bombay Red huvimba kwa mchana wa kwetu.

Nimalizie na kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, kwa sababu huyu anahisi kuliko wote na ndiye anayewaumiza watu wa mahindi. Cha ukanda wetu ni kile chenye maua mekundu, hakizidi kimo cha goti. Mbegu yake ni vumbi, haifiki nusu milimita, na mmea mmoja huangusha maelfu kwa maelfu. Zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka kumi. Haioti kwa kupata maji tu. Kwanza hulowa kwenye udongo wa joto kwa wiki moja au mbili, halafu husubiri harufu. Mzizi wa mhindi hutoa kemikali ziitwazo strigolaktoni. Mbegu ya kiduha iliyo milimita chache kutoka hapo huzinusa, huota, hushika mzizi na kuanza kunyonya. Chakula chake cha akiba ni cha siku chache, ikikosea imekufa.

Kwa nini mhindi ajiuze hivyo? Wanasayansi wa Japani walionyesha mwaka 2005 kwamba strigolaktoni ni wito kwa kuvu rafiki wa mizizi, wale wanaoletea mmea fosforasi. Mwaka 2008 ikajulikana pia kwamba kemikali hizohizo ndani ya mmea huzuia matawi, ni ndugu wa kazi ya oksini kwenye lile jicho la mchungwa lililolala. Mhindi ulio kwenye udongo uliochoka, usio na fosforasi, huita kwa sauti kubwa zaidi, na kiduha kinaisikia. Ndiyo maana shamba la kichanga lililolimwa mahindi mfululizo ndilo linalojaa kiduha, na jirani mwenye zizi la mbuzi anakuwa nacho kidogo.

Kikionekana juu ya ardhi, kimeshamnyonya mhindi kwa wiki kadhaa. Kukipalilia kwa jembe wakati huo hakurudishi mahindi ya msimu huu, lakini king'oe kabla hakijachanua, kila wiki, mpaka baada ya mavuno, maana kinaendelea kutoa maua kwenye mabua yaliyoachwa. Kilichokwisha kuchanua usikitupe kandokando ya shamba, kichome. Tia samadi kwenye shimo la mahindi, viganja viwili kila shimo. Na msimu unaofuata panda kunde au pamba. Mizizi ya pamba hutoa strigolaktoni. Hata ya kwanza kabisa kutambuliwa, mwaka 1966, ilitoka kwenye pamba, lakini pamba hainyonywi na kiduha hiki. Mbegu inasikia wito, inaota, inatafuta mzizi wa kushika, haushikiki, inakufa kwa njaa. Msimu mmoja hautoshi kusafisha shamba. Hesabu misimu mitatu au minne, na tembeza macho kwenye mistari ya kwanza karibu na njia, ambako mbegu huletwa na matope ya viatu na kwato za ng'ombe.